Mgongo wa Vincent

Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Agosti, waumini wa Rukanga walioneshwa Wakesho. Vincent, kaka yake mkubwa, alipanda mbele na suti yake ya kijivu, akashika kipaza sauti, akasema, "Wapendwa, huyu dada yangu alikuwa maiti." Kisha akanyoosha mkono upande wa kina mama. "Simama, Wakesho, wakuone."

Wakesho alisimama. Watu walipiga makofi, wengine walilia, na Vincent akaeleza upya jinsi alivyolazwa kifudifudi huko India akatobolewa nyonga ili uboho wake atiwe dada yake. Sindano zilirefuka mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza zilikuwa kama kidole. Mwaka wa tatu zimekuwa kama misumari ya kuezekea nyumba. Wakesho alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, akaketi, na moyoni akamtukana kaka yake matusi ambayo hayajawahi kuingia kanisani.

Asante ya punda ni mateke, ndivyo watu wangesema kama wangeujua moyo wake. Na wangekuwa na haki yao, maana ukweli haufichiki: bila Vincent, Wakesho angekuwa amelala chini ya mlima Kasigau, ubavuni mwa kaburi la baba yake. Alikuwa anaishi kwa uboho wa mtu ambaye yeye alimchukia kuliko watu wote duniani, na alimchukia kwa sababu aliijua bei.

Ugonjwa ulimkuta akiwa na miaka ishirini na mitatu, akiuza dawa za mifugo kwenye agrovet moja mjini Voi. Ulianza na madoa meusi mapajani, kama mtu anayejigonga kwenye meza kila siku, kisha fizi zikawa zinatoka damu akipiga mswaki. Akameza dawa za malaria, akameza za taifodi, akaambiwa ale mboga kwa wingi. Siku alipoanguka mbele ya mteja aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi ndipo alipopimwa sawasawa, na jibu likaja: saratani ya damu. Alitibiwa Mombasa miezi saba. Nywele ziliondoka, zikarudi, zikaondoka tena, kwa kuwa ugonjwa nao ulirudi. Daktari akasema dawa zimefika mwisho wa nguvu zake. Lililobaki ni kuua uboho wote ulio ndani ya mifupa ya Wakesho na kumtia wa mtu mwingine anayelingana naye. Mama yao, Susan, alipimwa, akalingana naye nusu. Vincent alipimwa, akalingana naye kumi kwa kumi, mpaka daktari mwenyewe akacheka kwa furaha.

Wakati huo alikuwepo Munir.

Munir alikuwa mtoto wa Bi Saadiya, wale wa duka la vitambaa mjini Voi, watu wa pwani ambao babu yao alikuja na kazi ya reli akakaa. Alikuja agrovet kununua chanjo ya kideri ya kuku wa mama yake. Wiki iliyofuata akaja kununua chanjo ileile. Wiki ya tatu Wakesho akamwambia, "Hawa kuku watakufa kwa chanjo kabla kideri hakijafika," na Munir akakiri kwamba kuku walishachanjwa zamani, yeye ndiye hajapona. Wakapendana. Mambo ya dini waliyazungumza polepole na hawakuwa wamefika mbali. Mtu akiwa na miaka ishirini na mitatu hudhani muda upo. Wakesho alipolazwa, Munir alifika Mombasa kila Jumamosi na chupa ya uji wa mtama wenye pilipili manga, umepikwa na mama yake alfajiri. Ulikuwa uji pekee ambao tumbo la Wakesho lilikubali kukaa nao.

Vincent naye alikuwa na safari zake. Alikuwa mtunza stoo wa shule moja ya sekondari, mtu wa kwaya, mtu wa kamati, mtu ambaye watu walishaanza kumwita mzee ingawa hajafika arobaini. Alitaka kusimikwa mzee wa kanisa kama baba yao. Na alijua vizuri midomo ya Rukanga: mzee gani huyu, dada yake mwenyewe ameenda kwa Waislamu?

Akalimaliza jambo hilo alasiri moja, wodini Mombasa, wiki mbili kabla ya safari ya India. Alivuta pazia la kitanda. Mama Susan alikuwa upande wa pili, ameshika Biblia aliyoitoa kwenye mkoba, na macho yake hayakupanda juu ya shuka.

"Nitatoa," Vincent akasema. "Ni damu yangu na nitakupa. Lakini sitampa mke wa Munir."

Wakesho alidhani amesikia vibaya kwa sababu ya dawa.

"Wacha nikuambie vizuri. Unamwacha leo, mbele yangu, na unaapa hutamwambia sababu, si yeye, si mtu mwingine. Ukikataa ni sawa, mimi nitarudi kazini. Mama alilingana nusu. Jaribu na nusu."

Alimwekea simu mkononi. Vidole vya Wakesho vilikuwa vimevimba na kiganja kina sindano, kwa hiyo aliandika taratibu, na Vincent akamtajia neno moja moja kama mwalimu wa imla. Alipokwisha akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa. Mama Susan alilia bila sauti. Jumamosi ile Munir alipofika na chupa yake ya uji, Vincent alimkuta getini akamgeuza.

Huko India wana utaratibu wao. Mwanamke mmoja mwenye miwani alimwita Vincent peke yake akamuuliza kama anatoa kwa hiari. Vincent alijibu kwa hiari kabisa, ni dada yangu. Kisha mwanamke yule akamwita Wakesho peke yake, akamuuliza kama kuna lolote linalomsumbua ambalo angependa kulisema. Wakesho alikuwa na kilo thelathini na tisa. Alitaka kuishi. Alitaka kuishi kuliko alivyomtaka Munir, na hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye, kwamba Vincent alilijua kabla yake. Akasema hakuna.

Mfuko wa uboho ulitundikwa asubuhi, mwekundu mzito kama juisi ya bitiruti, ukaisha mchana. Baada ya wiki tatu damu ya Vincent ilianza kutengenezwa ndani ya mifupa ya Wakesho. Baada ya mwaka hata kundi lake la damu lilikuwa limebadilika. Alizaliwa O, sasa kadi yake ilisema B, kama ya kaka yake. Alirudi Voi, akarudi kwenye kaunta ya agrovet, akanenepa. Munir alikuwa amengoja mwaka mzima na miezi kadhaa, kisha akamwoa msichana anayeitwa Rayhana. Wakesho alizisikia ngoma za harusi akiwa dukani, akampimia mteja kilo mbili za chakula cha vifaranga, akakosea, akampa tatu.

Sasa tuje kwenye mgongo.

Vincent alirudi kutoka India akichechemea kidogo. Daktari alisema maumivu ya nyonga yataisha baada ya wiki chache. Hayakuisha. Mwaka wa pili yalipanda mpaka kiunoni, mwaka wa tatu akawa hawezi kufunga kamba za viatu. Alipigwa picha Voi, akapigwa picha Mombasa, akaingizwa kwenye lile pipa linalogonga kama mabati, na majibu yalikuwa yaleyale: mifupa mizima, misuli mizima, nenda ukafanye mazoezi. Na hapo ndipo kanisa lilipomtangaza. Atasimikwa mzee Jumapili ya mwisho ya Novemba, na anayesimikwa hupiga magoti mbele ya madhabahu, akainamisha kichwa, akawekewa mikono. Vincent hakuweza kupiga magoti. Alijaribu nyumbani akakwama katikati, mkewe akaja kumwinua na kijana wa jirani.

Wakesho alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini. Alifunga duka mapema siku hiyo akajinunulia samaki wa kukaanga.

Aliyempigia simu ni shangazi yao Mghoi, dada wa marehemu baba yao, aliyekuwa mpishi wa shule huko Mwatate kwa miaka thelathini na ambaye bado alizungumza kana kwamba wanafunzi mia nne wanangoja sahani.

"Mgongo wa kaka yako hauna ugonjwa," akasema bila salamu. "Una hasira ya mtu. Na hiyo hasira ni yako."

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema. Nimekuangalia ule mwezi wa nane kanisani. Ulikuwa unacheka meno peke yake. Si uje umtasie, mambo yaishe?"

Kutasa ni mila ambayo Wataita wote wanaijua, hata wale waliookoka wanaojifanya hawaijui. Wazee walisema hasira ya ndugu ikikaa moyoni humwangukia yule aliyekasirikiwa, ikamtia ugonjwa, yeye au watoto wake au ng'ombe wake. Dawa yake ni moja. Mwenye hasira huchota funda la pombe ya muwa, baada ya kusema kwa sauti mbele ya watu kile kilichomkasirisha, kisha hulipuliza lile funda litoke lote, hasira itoke nalo, na mgonjwa akapona. Bila kusema, kupuliza ni kutema mate tu. Bila kupuliza, kusema ni kelele.

"Na kanisa?" Wakesho akauliza.

"Tutatumia maji ya muwa ambayo hayajachacha. Hata pasta hawezi kukataa juisi."

Usiku huo furaha ilimnyima Wakesho usingizi. Miaka mitatu alikuwa amefungwa mdomo kwa kiapo, na sasa mgongo wa Vincent mwenyewe ulikuwa unamtaka aufungue. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Asubuhi alimpigia kaka yake.

"Nitatasa," akasema. "Lakini shangazi anasema lazima niseme hasira yangu. Nimeapa nisiseme. Nifungue."

 Wakesho alimsikia Vincent akipiga hesabu. Watakuwa watu wa nyumbani tu, shangazi na mama, na mama alishajua.

"Sawa, nimekufungua. Jumamosi, siku moja kabla sijasimikwa. Sisi wenyewe tu, ukumbini kwa mama."

"Sisi wenyewe tu," Wakesho akasema. Yeye hakuapa.

Alhamisi alikwenda duka la vitambaa. Alikuwa hajakanyaga pale tangu ugonjwa. Munir hakuwepo, alikuwa ameenda Mombasa kuchukua mzigo, na Wakesho alishukuru. Bi Saadiya alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya majora ya kanga. Alimtazama juu mpaka chini kama anayekagua kitambaa chenye tundu.

"Shikamoo, Bi Saadiya."

"Marahaba." Baridi tupu. "Umepona, naona."

"Nimepona. Nimekuja kukuita nyumbani Rukanga, Jumamosi saa nne. Kuna jambo litasemwa pale ambalo ni haki yako ulisikie. Sitalisema hapa, wala sikuombi chochote."

"Mimi na nyumba yenu tuna jambo gani, mwanangu? Jambo mlilimaliza wenyewe, kwa maandishi."

"Kwa maandishi," Wakesho akakubali. "Ndiyo maana nataka usikie kwa mdomo."

Bi Saadiya hakumwambia kama atakuja. Ijumaa Wakesho akampigia Pasta Hillary, akamwambia familia ingependa afike kesho yake kumwombea Vincent kabla ya kusimikwa. Pasta akafurahi. Akasema familia yenye umoja namna hiyo ni mfano.

Jumamosi Rukanga ilikuwa na jua la kupasua mawe. Tembo walikuwa wamepita shambani kwa Mama Susan siku mbili kabla, wakalaza uzio na kula mtama uliobaki, kwa hiyo mazungumzo ya mwanzo yalikuwa ya tembo. Shangazi Mghoi alileta chupa ya lita mbili ya maji ya muwa aliyoyakamua Mwatate. Vincent alikuwa amekaa pembeni ya kiti, nyonga moja hewani. Alikuwa amekonda. Wakesho alimwona alivyokonda na hakuona huruma, akajichunguza vizuri kama huruma imejificha mahali, akaona haipo.

Saa nne na robo pikipiki ilimshusha Bi Saadiya mlangoni, buibui limejaa vumbi jekundu la njia ya Maungu. Mama Susan alipomwona aliangusha kijiko. Kabla chai haijamiminwa, Pasta Hillary naye akapiga hodi.

Vincent alimsogelea dada yake akanong'ona, "Nani amewaita hawa?"

"Mimi."

"Tulisema sisi wenyewe."

"Huyu pasta ni mtu wetu, na huyu mama ananidai maelezo. Keti, Vincent, mgongo usikuume."

Angewafukuza vipi? Amfukuze pasta anayemsimika kesho? Akaketi. Wageni wakafahamishwa kwamba ndugu wawili wanataka kupatana, na Pasta Hillary, mtoto wa Wundanyi aliyekua akiona bibi yake akitasa, aliitazama ile chupa, akaitazama tena, akaamua ni juisi.

Shangazi Mghoi aliweka kikombe cha bati mezani. "Mgonjwa aombe kwanza."

Vincent akakohoa. Sauti ya kipaza sauti ikamjia bila kuitwa. "Dada yangu, katika maisha haya sisi ni binadamu. Kama kuna mahali nilikukosea, mimi naomba unisamehe."

"Kama?" Wakesho akasema.

"Kama kuna mahali."

"Basi acha niwaonyeshe mahali."

Akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa ameyarudia yale maneno miaka mitatu, akifagia, akioga, akipanga chupa za dawa kwenye rafu, na sasa yalitoka yamenyooka. Alisema pazia lilivyovutwa. Alisema "sitampa mke wa Munir." Alisema Biblia ilivyotoka kwenye mkoba, na hapo Mama Susan akajifunika uso kwa leso. Alisema yule mwanamke wa miwani alivyomuuliza na yeye alivyojibu hakuna. Alisema mwezi wa nane, na kusimamishwa, na makofi. Juu yao mabati yalikuwa yanalia kwa joto.

Bi Saadiya alichukua simu yake kwenye mkoba. Akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wasio na miwani, akatafuta kitambo, akasoma polepole, kila neno mahali pake. "'Munir, usinitafute tena. Nimepata nafuu na nimefungua macho. Sikutaki wewe, wala mama yako, wala dini yenu.'" Akainua kichwa. "Mwanangu alinitumia nami nikaweka, ili nisije nikakusamehe. Haya maneno ni yako?"

"Vidole ni vyangu. Maneno ni ya kaka."

Bi Saadiya akamgeukia Vincent. "Wala mama yako," akarudia. "Mimi uji wangu ulikukosea nini?"

Vincent alisimama kwa hasira, mgongo ukamkamata, akabaki ameinama akishikilia meza. "Nilimpa uhai! Mbona hamsemi hilo? Huyu angekuwa udongo! Nilitobolewa mimi, si Munir! Munir alileta uji, mimi nilileta damu!"

"Ni kweli," Wakesho akasema.

"Nilifanya kwa upendo. Nilikuwa naokoa roho yako pia."

"Ulikuwa unaokoa kiti."

Hakuna aliyeuliza kiti gani. Pasta Hillary alikuwa na karatasi ya ratiba ya ibada mkononi. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akazungumza akiwa ameangalia sakafu. Tangu aingie alikuwa akimwita Vincent mzee.

"Ndugu Vincent," akasema, "kesho tutaimba tu. Mambo ya magoti tuyaache kwanza."

Mama Susan akatoa uso kwenye leso. "Mimi ndiye niliyeshika Biblia," akasema. "Usimwandame peke yake. Nilitaka uishi, Wakesho. Angeniambia nishike nyoka ningeshika." Wakesho alimpenda mama yake sana dakika ile.

Bi Saadiya alisimama, akajikung'uta vumbi. Alimjia Wakesho akamshika kidevu kama mtoto. "Miaka mitatu nimekuombea mabaya, kila Ijumaa. Nisamehe, mwanangu."

"Hukujua. Sina neno nawe."

"Sikujua." Akamwachia kidevu. "Lakini Munir simwambii. Ana mtoto wa miezi minne sasa, na Rayhana hana kosa. Nikimpelekea habari hii namvunjia nyumba. Wafahamu?"

Wakesho alifahamu. Alifahamu vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa amengoja siku hii kana kwamba ikifika kuna kitu kitarudi, na sasa imefika, ameshinda, na Munir ataendelea kuamini mpaka kaburini kwamba msichana wa agrovet alimchoka akiwa kitandani. Bi Saadiya akatoka. Pikipiki ikawaka, ikaondoka, na kwa muda mrefu waliisikia ikipungua kuelekea Maungu.

"Haya," shangazi Mghoi akasema, naye macho yake yalikuwa mekundu. "Umesema yote. Kusimikwa kwake kumekwenda, jina lake limekwenda. Sasa toa." Akamimina maji ya muwa kwenye kikombe mpaka ukingoni. "Vincent, geuka. Inua shati."

Vincent aligeuka. Hakuwa na suti leo wala kipaza sauti. Aliegemeza viganja mezani, akainama mpaka mahali mgongo ulipokubali, na mkono mmoja ukapandisha shati. Pale juu ya nyonga, kushoto na kulia, kulikuwa na vitundu vilivyopona, vidogo kama alama za ndui. Huko ndiko ulikotoka uhai wa dada yake. Wakesho alikuwa hajawahi kuviona.

"Tafadhali, Wakesho," Vincent akasema, akiangalia meza. Sauti ilikuwa ya kawaida, sauti ya kaka aliyemfundisha kuendesha baiskeli. "Silali. Nimekuwa mtu wa kuvishwa viatu. Nilikukosea. Sisemi 'kama'. Nilikukosea."

Wakesho akachota funda. Maji yalikuwa ya baridi na yamemjaa mdomoni.

"Mpulizie," shangazi akasema. "Ile damu ndani yako ni yake, mama. Ukimchukia unajichukia mwenyewe."

Pengine shangazi angenyamaza, mambo yangekuwa mengine. Lakini alilisema, na Wakesho akalifikiria, mashavu yamejaa, watu wote wamemkazia macho. Ni kweli. Damu ni yake. Uboho ni wake. Hata ile herufi kwenye kadi ya hospitali ni yake. Kila asubuhi mifupa ya Wakesho huamka ikatengeneza Vincent mpya, siku baada ya siku, na itafanya hivyo mpaka afe. Munir amekwenda na hata ukweli hautamfikia. Katika mwili huu wote kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kaka yake hakumpa, alichokiotesha mwenyewe na kukilisha mwenyewe miaka mitatu, na sasa walikuwa wanamwomba akitoe nacho.

Mama Susan alikuwa amefumba macho, midomo ikiomba.

Wakesho akameza.

Lilisikika lile funda likishuka. Vincent aliendelea kungoja, ameinama, mgongo wazi. Alingoja mpaka alipochoka, akageuza shingo kwa maumivu, akamwona dada yake anajifuta midomo kwa mgongo wa mkono na kumnyooshea shangazi kikombe.

"Ni matamu," Wakesho akasema. "Yamebaki?"